Malkia Yuko Kwenye Taa ya Barazani

Mvua za Machi zikianza hapa Tororo, Uganda, mimi husubiri usiku wa kwanza ambao mvua imekatika na upepo umetulia. Huwasha taa ya barazani, nikakaa chini yake na testi tyubu tatu mfukoni, nikingoja malkia wa sisimizi. Jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, naye huwa kwake na beseni la maji chini ya balbu, anatega kumbikumbi. "Mwalimu," huniambia kutoka ng'ambo ya ua, "sisi tunaokota wadudu tuwale, wewe unaokota uwalishe. Mwenye akili nani hapo?" Sina ubishi naye. Kumbikumbi nawala pia.

Kazi yangu ni maabara ya shule ya sekondari, na wadudu ndio niliosomea. Sisimizi nimewafuga nyumbani tangu 2016. Wanaoniuliza waanzeje karibu wote wametoka kutazama video za Ulaya, na maswali yao ni yale yale: malkia anauzwa wapi, waya wa kupasha kiota joto unapatikana wapi, na wakati wa baridi wawekwe kwenye friji kwa muda gani. Hapo hakuna hata kimoja kinachotuhusu. Sisimizi wa nchi za baridi hulala miezi ya baridi, ndiyo maana mfugaji wa huko hulazimika kuwaigizia majira hayo. Wa kwetu hula na kuzaa mwaka mzima, na joto la chumba cha kawaida linawatosha. Malkia huanguka mwenyewe mlangoni. Lakini video hizo hazitakwambia habari za minyeera, sisimizi wadogo wa jikoni, wala za dawa ya mbu, na hayo mawili ndiyo yaliyonimalizia makundi mengi.

Kwenye taa usikimbilie kila chenye mabawa. Kumbikumbi ana mabawa manne yaliyolingana urefu, papasi (zile pembe za kichwani za kugusia) zilizonyooka kama uzi wa shanga, na kiuno hana. Huyo ni mchwa, na mchwa kiukoo ni ndugu wa mende, si wa sisimizi. Mgeni wa pili ni mdudu mnene wa kahawia, tumbo refu kama soseji, anayejigongagonga kwenye balbu kwa fujo mpaka watoto wanakimbia. Kila msimu kuna mwanafunzi anayeniletea huyo ndani ya chupa, uso umejaa ushindi: "Mwalimu, malkia wa siafu!" Ni dume. Malkia wa siafu hana mabawa tangu anazaliwa hadi anakufa, hutembea katikati ya msafara wake, na msafara wenyewe una mamilioni ya watu wake wasiokaa mahali pamoja. Siafu hafugwi. Mwache apite, na kama anapita ndani ya nyumba, toka wewe.

Unayemtafuta ana kiuno chembamba, papasi zilizokunjika kama kiwiko, na kifua kilichotuna, kwa sababu ndimo ilimo misuli ya kurukia. Ukimkuta anakimbia chini bila mabawa, mtazame kifuani kwa karibu: utaona vikovu vidogo pale mabawa yalipong'oka. Hayakung'olewa na mtu. Akishapandwa huyakwanyua mwenyewe kwa miguu, maana hatayahitaji tena. Wale wembamba wenye vichwa vidogo ni madume, na siku zao ni za kuhesabu.

Kwa anayeanza, mimi hupendekeza sisimizi mmoja tu: chungu mkubwa wa usiku, ambaye wataalamu humwita Camponotus maculatus, pamoja na ndugu zake wanaofanana naye. Malkia wake ana urefu wa sentimita moja na nusu hivi. Hana mwiba wa kuchoma. Huuma na kurusha asidi kidogo, ukimshika vibaya utasikia mwasho, basi. Majimoto, yule anayeshona majani ya mwembe kwa uzi wa mabuu wake, ni mzuri kumtazama lakini anataka mti mzima. Sisimizi wadogo wenye askari wa vichwa vikubwa huongezeka haraka mno, na hutoroka kwenye tundu ambalo hukujua kama lipo.

Sifa kubwa ya chungu huyu ni kwamba malkia halishwi. Chukua testi tyubu, tia maji theluthi moja, sukuma pamba mpaka iguse maji na kulowa, mwingize malkia, ziba mdomo kwa pamba kavu. Pamba ya ndani inampa unyevu, ya nje inampitishia hewa. Funika kwa kitambaa, weka kabatini mahali pasipotikisika, ufunge mlango. Ile misuli ya mabawa sasa inayeyuka mwilini mwake, na pamoja na mafuta ya tumboni ndiyo chakula anachowalishia watoto wa kwanza. Kwangu mayai huonekana ndani ya wiki ya kwanza. Halafu mabuu, halafu vifukofuko vya rangi ya karatasi ya kaki, ambavyo wengi huviita mayai. Baada ya wiki tano mpaka saba hutoka wafanyakazi wa kwanza, wadogo kuliko watakaowafuata, kwa sababu wamekuzwa na mama mwenye njaa.

Katika wiki hizo kazi yako ni kutofanya kitu, na hapo ndipo wengi hushindwa. Malkia wangu wa kwanza nilimchungulia asubuhi na jioni. Siku ya kumi na mbili nilikuta mayai hayapo. Kayala. Malkia anayetikiswa na kumulikwa huona mahali si salama, basi huyarudisha mayai tumboni akingoja siku njema. Sasa natazama mara moja kwa wiki, na hufunika tyubu kwa karatasi nyekundu ya plastiki, ile ya kufungia zawadi, kwa kuwa sisimizi hawaioni vizuri rangi hiyo. Pamba ikifanya ukungu kidogo usihangaike. Kinachoua ni maji kuisha au kumwagika.

Wafanyakazi wakitoka, anza kulisha. Sukari sehemu moja kwa maji matatu, tone moja kwenye kipande cha pamba ili wasizame, juu ya kizibo cha soda. Mwaka juzi wanafunzi walitia rangi nyekundu ya keki kwenye sukari hiyo. Chungu wanne walitoka kunywa. Walipokuwa wakinywa, matumbo yalitanuka hadi ngozi nyembamba kati ya pingili ikaonekana, na ndani yake wekundu ukang'aa kama taa. Kesho yake karibu koloni zima, yaani kundi lote, lilikuwa jekundu, hata waliokuwa hawajawahi kutoka kwenye tyubu. Sisimizi ana tumbo mbili, moja lake na moja la jamii, na lile la jamii hutapikiwa mwenzake mdomo kwa mdomo. Kipindi kilikwisha kengele ikalia, hakuna aliyenyanyuka.

Mabuu wao wanahitaji nyama. Mbu uliyemuua kwa kiganja, paja la mende, na Novemba nsenene, kabla ya kutiwa chumvi na kitunguu. Mdudu wa kuokota mwagie kwanza maji yanayochemka, asilete utitiri. Mende aliyekufa kwa dawa ya kupuliza usimguse, na hata aliye hai usimchukue kwa jirani kama hujui amepuliza nini.

Nikifika kwenye dawa moyo unaniuma. Tororo ni miongoni mwa wilaya ambazo kuta za nyumba zilianza kupuliziwa dawa ya malaria 2014, na mimi naunga mkono kazi hiyo kwa mikono miwili. Vijana wa kupulizia walikuja, wakaniambia nitoe kila kitu nje. Nilitoa sufuria, nguo, unga, hata redio. Koloni la miaka mitatu lilikuwa juu ya kabati; nikasema nitalifunika tu kwa kaveera, mfuko wa plastiki. Jioni niliwakuta chali, miguu inatetemeka, na malkia katikati yao. Ilikuwa shingo ngumu yangu mwenyewe. Sasa makundi yangu hukaa katikati ya chumba mbali na ukuta, na siku ya dawa hulala kwa dada yangu Malaba. Kuta zikikauka hawarudi mara moja. Nangoja wiki kadhaa.

Minyeera, wale sisimizi wadogo wa jikoni, ni wezi wa namna nyingine. Hunusa sukari yako, huingia usiku kwa mstari, na asubuhi unakuta vifukofuko vimebebwa vyote. Dawa yake tunaijua tangu kwa bibi zetu: miguu ya kabati la chakula ndani ya vikopo vya maji. Mimi naweka sanduku la chungu juu ya tofali ndani ya trei ya maji, nikatia tone la sabuni, maana bila sabuni mdudu mwepesi anaweza kuvuka juu ya maji bila kuzama. Kuwazuia chungu wenyewe wasitoke, nachanganya poda ya mtoto na spiriti mpaka iwe kama uji mwepesi, napaka ukingo wa ndani wa sanduku. Ikikauka, miguu yao inateleza.

Kiota usikiharakishe. Mpaka wafike thelathini au hamsini tyubu ileile inatosha, ukiiweka ndani ya sanduku la plastiki lenye kizibo cha chakula. Kuwahamishia jumba kubwa mapema ni kuwapa pembe za kutupia taka wasizoweza kuzisafisha. Baadaye tafuta plasta ya Paris, mabaki kwa mafundi wa dari, umimine juu ya vyumba ulivyofinyanga kwa plastisini, uache ikauke wiki nzima, ufunike kwa kioo.

Wengi wananiuliza kuhusu chungu mwekundu mvuna mbegu, Messor cephalotes, kwa sababu walisikia ana bei. Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwahukumu watu wanne waliokutwa na malkia karibu 5,000, wengi wao wa aina hiyo, ndani ya testi tyubu zenye pamba kama zangu: faini ya shilingi milioni 1 za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Sisimizi akivushwa mpaka huweza kugeuza nchi. Kule Laikipia sisimizi mgeni mwenye kichwa kikubwa aliwaua sisimizi wanaolinda migunga. Tembo wakaivunja miti, simba wakakosa pa kujificha, wakapungukiwa na pundamilia. Utafiti huo ulichapishwa 2024. Kwa hiyo mimi siuzi, situmi kwa basi, na malkia naokota barazani kwangu, si ndani ya hifadhi. Ukichoka kufuga, warudishe palepale alipookotwa mama yao.

Juzi saa tatu usiku mzee wa reli alibisha hodi. Mkononi ana kikombe kilichofunikwa sahani, na ameshusha sauti kama mtu anayeleta siri. "Mwalimu, leo nimekupatia. Ni mkubwa sana, nimempiga na kofia asiruke." Nikafunua sahani polepole. Dume la siafu.