Kimelea cha Damu Si Jina Jingine la Malaria

Juzi, barazani hapa Ngamiani, Tanga, kijana mmoja alitusomea kwenye simu yake habari ya bata wa bahari za kaskazini waliokutwa na vimelea vya damu, kisha akahitimisha kwa sauti: "Kumbe bata wa Ulaya nao wana malaria!" Haikufika adhuhuri, jirani yangu, ambaye alikuwa ameshamfunga miguu bata wake wa kuuza, akaulizwa na mnunuzi kama bata huyo amepimwa.

Kimelea cha damu ni kiumbe kidogo mno kinachoishi na kujilisha ndani ya damu ya kiumbe kingine. Maana yake ni hiyo tu. Linalonisumbua ni asili ya neno. Limetokana na kumea: kumelea ni kuota juu ya mwingine, kama kirukia kinavyomelea mwembe na kunyonya maji yake, huku mwembe ukiendelea kuzaa miaka na miaka. Kwa hiyo neno lenyewe linataja makazi, halitaji maradhi, na bata aliyekomaa aweza kukaa na vimelea vichache damuni pasipo dalili yoyote. Vifaranga ndio wasio na kinga.

Katika damu ya bata hukutwa hasa makundi matatu ya vimelea hivyo, nayo hayafanani hata kwa wanaoyaeneza. Plasmodiamu, kundi lenye vimelea vya malaria, huenezwa na mbu. Hemoproteasi huenezwa na vijidudu viumavyo vilivyo vidogo kuliko mbu, au inzi-chawa. Na leukositozuni, ambayo imewahi kuua vifaranga wengi wa bata huko Amerika ya Kaskazini, huenezwa na inzi weusi wanaozaliana katika maji yaendayo kasi, wa ukoo mmoja na wale wanaotuletea ugonjwa wa usubi huku Muheza. Inzi hao hawazaliani katika maji ya chumvi, ndiyo maana bata wa baharini kama eida, anayepiga mbizi kutafuta kome sehemu kubwa ya mwaka, hukabiliwa nao zaidi anapopanda nchi kavu kutaga wakati wa kiangazi.

Malaria, kwa upande wake, ni neno la Kiitaliano lenye maana ya hewa mbaya, lililobuniwa kabla haijajulikana kuwa mkosaji ni mbu. Nakiri kwamba ndege wana haki fulani katika jina hilo, maana daktari Mwingereza Ronald Ross alithibitisha kazi ya mbu mwaka 1898 huko Calcutta, India, kwa kutumia ndege, si watu. Hata hivyo haki hiyo ni ya plasmodiamu peke yake, tena plasmodiamu ya ndege haitupi sisi homa.

Kijana wetu, basi, angesema tu kwamba bata wa kaskazini nao wana vimelea vya damu, na mnunuzi angeuliza bei.