Uga wa sumaku nao hujaa na kupwa

Kaskazini ya Malindi, upande wa Mambrui, tunatafuta tanuri za chuma. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, aliandika katika karne ya 12 kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kukiuza. Udongo wa tanuri ukipita nyuzijoto 580 kisha ukapoa, magnetiti iliyomo, madini ya chuma yenye usumaku, hushika mwelekeo wa uga wa sumaku wa siku ile, na magnetomita, kifaa cha kupima uga huo, huusoma juu ya mchanga bila jembe kugusa ardhi.

Magnetomita yetu ni ya protoni, chembe ndogo zilizomo ndani ya atomu. Kihisi chake ni chupa ya mafuta ya taa iliyozungushiwa koili ya waya wa shaba. Ukipitisha umeme, protoni hujipanga. Ukiukata, huyumba kama pia inayoishiwa nguvu, na idadi ya kuyumba kwa sekunde ndiyo kipimo. Uga wa pwani hii ni karibu nanotesla 33,000 (nanotesla ni kizio cha nguvu ya uga), basi huyumba mara 1,400 hivi. Koili lazima ikingame na uga, la sivyo ishara ya kuyumba huko hufifia. Malindi jambo hili ni jepesi: uga huelekea kaskazini, na kibla yetu pia ni karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo koili tunailaza mashariki-magharibi, kama safu ya waumini msikitini.

Mlingoti wa kihisi ni mwanzi, vigingi ni vya mbao, kwani chuma huvuruga vipimo. Mbebaji huacha simu, funguo, mkanda, hata pini za mtandio. Tunamzungusha kila mmoja karibu na kihisi. Namba zikicheza, arudi akajikague tena.

Magnetomita ya pili hukaa mahali pamoja kutwa. Jua huamsha mikondo ya umeme katika anga la juu, na uga hupanda tangu asubuhi, hujaa karibu na adhuhuri, kisha hupwa, kwa makumi ya nanotesla. Usipoutoa mjao huo katika vipimo vyako, ramani itakudanganya.

Hii ya pili tuliiweka chini ya mwarobaini. Siku mbili mfululizo, adhuhuri, mstari wa grafu yake ulipanda nanotesla 30 zaidi. Nilikaribia kuukubali kuwa mjao wa kawaida. Nilipoukuza, niliona umepanda kwa kipimo kimoja tu, kama ngazi, ukakaa dakika 40, ukashuka vilevile. Maji hayajai hivyo.

Siku ya tatu nilikaa pale. Saa sita na dakika kumi kijana wa bodaboda alifika, akaegesha pikipiki mita 4 kutoka kwenye mwanzi, akajinyoosha kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo pikipiki inaingia kwenye vipimo vyetu."

"Ningejua ningeiweka kule kwenye mkwaju." Akaisukuma, na namba zikashuka mbele ya macho yangu.

Kwenye ramani, zile dakika 40 zilikuwa zimeacha bonde refu, kwani tulikuwa tumepunguza nanotesla ambazo uwanja haukuwa nazo. Tulitembea upya mistari yote ya saa hizo. Bonde likatoweka, na pale lilipokuwa limepita pakatokea duara dogo lenye upana wa mita moja hivi. Tumelipigia kigingi.