Bei ya dola benki haipimi ughali wa maisha

Wengi hugawanya mshahara wa Dar es Salaam kwa bei ya dola, kisha huamini wamepata thamani yake Marekani. Sivyo. Bei hiyo hufuata biashara ya nje na mitaji. Huduma ya kinyozi na chumba cha kupanga havivuki mpaka. Ndiyo maana Mpango wa Kimataifa wa Ulinganisho, unaoratibiwa na Benki ya Dunia, hukusanya bei zenyewe za bidhaa na huduma katika kila nchi, ili zilinganishwe. Mzunguko wa 2021 ulihusisha nchi na maeneo 176.

Ugumu uko kwenye kufananisha bidhaa: mchele wa aina ileile, daraja lilelile, ujazo uleule. Ukilinganisha mchele wa kupimiwa sokoni na wa pakiti wa supamaketi, tofauti ya ubora itahesabiwa kama tofauti ya bei.

Deni la nje, hata hivyo, lipigie hesabu kwa bei ya dola benki: mdai anataka dola halisi.