Kabla Hujaniambia "Ongeza Gesi"

Ujumbe huwa ni uleule, anayeutuma tu ndiye hubadilika: "Fundi, AC ya basi haipozi, gesi imeisha. Njoo na mtungi." Mwenye basi ameshapima, ameshatambua ugonjwa na ameshaandika dawa. Mimi nimebakiziwa kazi ya kubeba mtungi na kupanda nao juu ya bodi. Umeingia tena wiki hii, na nimeamua nijibu kwa kirefu ili anayefuata nimtumie kiungo cha ukurasa huu, nisirudie maneno.

Gesi ya AC haiishi. Dizeli huisha kwa sababu injini inaichoma, lakini gesi hakuna anayeichoma wala kuila, na haichakai kwa kuzunguka. Kompresa inaibana, kondensa, yaani koili ya nje, inaitoa joto mpaka inakuwa kimiminika, inapenya kwenye ekspansheni valvu, kijitundu kinachoishusha presha, inachemka ndani ya evapureta, yaani koili ya ndani, ikinyonya joto la ndani ya basi, kisha inarudi kompresa. Basi lililojazwa kilo 8 likiwa jipya linatakiwa kuwa na kilo hizo, au pungufu kidogo, hata baada ya miaka. Zisipokuwepo, zimetoka mahali. Kuongeza bila kupatafuta hapo mahali ni kujaza upepo tairi lenye pancha: utatembea, ndiyo, lakini usiniulize utafika wapi.

Na penyewe mara nyingi hapajifichi. Gesi ikitoka hutoka na mafuta ya kompresa, na mafuta hushika vumbi. Chukua tochi utafute doa jeusi lenye unyevu. Angalia maungio ya hosi za kompresa, maana injini inatikisika, paipu za bodi hazitikisiki, na hosi iko katikati ikiteseka. Angalia valvu za kujazia ambazo mtu alizifungua akaziacha bila kofia. Angalia paipu inayosuguana na kibanio chake. Angalia kompresa upande wa puli, kwenye sili ya shafti. Povu la sabuni linatosha kwa matundu mengi. Kama mfumo umeshapoteza presha, upandishe kwa nitrojeni kavu. Usitumie upepo wa breki, una maji. Oksijeni usiisogeze kabisa: ikikutana na mafuta ndani ya presha inalipuka, na hilo halina mjadala.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa. Nikimwuliza mtu amejuaje kwamba gesi imepungua, ananijibu kwa kujiamini: "Tulifunga geji." Injini ikiwa inanguruma au imezimwa? "Imezimwa." Hapo huwa nanyamaza kwanza.

Mfumo ukiwa umelala na presha zimelingana pande zote mbili, geji haikuonyeshi kiasi cha gesi. Inakuonyesha halijoto. Maadamu ndani kumebaki kimiminika hata kidogo, presha ya R134a, moja ya gesi za AC za basi, inafuata joto na si kilo. Kwenye nyuzi 20 utasoma kama bar 4.7. Kwenye nyuzi 30 utasoma kama 6.7. Basi likianikwa juani mpaka bomba na koili zikafika nyuzi 40, utasoma kama 9.2. Ni basi lilelile na gesi ileile, asubuhi na mchana, na sindano imepanda karibu mara mbili. Nimewasikia watu wakibishana mbele yangu: mmoja alipima alfajiri akasema gesi imekwisha, mwenzake akapima saa nane mchana akasema imezidi. Wote wawili walikuwa wanapima hali ya hewa.

Na ubaya wake ni kwamba kilo 2 na kilo 8 zitakupa namba ileile ikiwa joto ni lilelile. Kuhusu kiasi cha gesi, presha ya kulala inaweza kukuambia jambo moja tu la maana: ikiwa iko chini kabisa kuliko inavyopaswa kwa joto la wakati huo, basi kimiminika hakijabaki hata tone, na huo ni mfumo mtupu. Zaidi ya hapo haina habari. Ukitaka kujua kuna kilo ngapi, njia ya hakika ni kuitoa yote kwa mashine na kuiweka kwenye mzani.

Kuna wanaojua hili, wao hupima mfumo ukifanya kazi. Vizuri. Lakini wakiona presha ya upande wa chini, ule wa kunyonya, imeshuka, tayari: "Gesi ndogo." Hapana. Presha ya upande wa kunyonya hushuka kwa sababu mbili zilizo mbalimbali kabisa. Huenda kimiminika kinachofika kwenye evapureta ni kidogo. Au huenda kinafika cha kutosha ila hakuna joto la kukichemsha, kwa sababu hewa haipiti. Geji peke yake haiwezi kukutofautishia. Kipimajoto kinaweza. Pima joto la paipu inapotoka kwenye evapureta, ulinganishe na nyuzi zinazosomeka kwenye geji kwa presha hiyo. Tofauti hiyo ndiyo joto la ziada, na kwa kawaida nataka niione kati ya nyuzi 5 na 10. Presha iko chini na joto la ziada ni kubwa: koili ya evapureta ina njaa. Presha iko chini na joto la ziada limekaribia sifuri: koili imeshiba, inakosa hewa. Huyu wa pili ukimwongezea gesi unamsogezea kompresa kimiminika cha kunywa, na kompresa imeumbwa kubana mvuke. Valvu zake hazisamehe.

Hata yule mwenye njaa si lazima gesi iwe imepungua. Filta draya, kichujio cha kunasa uchafu na unyevu, ikiziba inatoa dalili zilezile upande wa chini. Nenda kwenye laini ya kimiminika: kama kimiminika kimepoa vizuri chini ya joto lake la kugeuka mvuke, gesi ipo, imezuiwa njiani. Shika draya kwa mkono pande zote mbili. Ikiwa upande wa kutokea ni wa baridi kuliko wa kuingilia, umemkamata mwizi bila hata kufunga geji.

Nilifungua basi moja lililokuwa limetoka kuongezewa gesi kwenye karakana nyingine, likarudi halipozi, likaongezewa tena. Presha ya kunyonya ilikuwa bar 0.8, ambayo kwa R134a ni karibu nyuzi 13 chini ya sifuri. Nikatoa mfuniko wa ndani. Filta ya hewa haikuwepo. Dereva akanieleza kwamba iliondolewa makusudi "ili hewa ipite vizuri." Hewa ilipita kweli, na vumbi, na nyuzi za mapazia, na manyoya ya viti. Vyote vilijikusanya kwenye mapezi ya koili mpaka vikawa kama kipande cha blanketi ambacho ungeweza kukibandua kwa vidole, na nyuma yake barafu imefunga. Koili ndiyo iliyokuwa filta. Tuliiyeyusha barafu, tukasafisha, tukaweka filta, kisha tukatoa gesi kwenye mzani: ilikuwa nyingi kupita kile kilichoandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji. Kazi kubwa siku hiyo ilikuwa kupunguza.

Upande wa kondensa hadithi ni kinyume: presha ya juu inapanda, swichi inakata, kompresa inalala, inawaka tena, inakata tena. Abiria anaona AC "inakuja na kuondoka." Kuongeza gesi hapo ni kumwaga petroli motoni. Osha koili kwanza, kwa maji yasiyo na kasi ya kulaza mapezi, kisha zitazame feni moja moja.

Feni ni somo peke yake na linadharauliwa. Mota nyingi za juu ya basi ni za brashi za kaboni, za volti 24, na ukibadilisha nyaya zake mbili inazunguka kinyume. Fundi akibadilisha mota moja na kugeuza nyaya, feni ile inazunguka, inapiga kelele, kila mtu anaridhika, kumbe wenzake wanavuta hewa kupitia koili na kuitupa juu, yeye anaichukua hukohuko juu na kuirudisha chini. Hata feni iliyokufa kabisa ina madhara kuliko hesabu yake: tundu lake linabaki wazi, na zile nzima zinavuta hewa kupitia hapo kwa urahisi badala ya kuilazimisha ipite kwenye mapezi. Weka karatasi laini juu ya kila feni. Ikivutwa chini, umepata. Blowa za ndani ni wajanja zaidi, kwa sababu zile za ngoma zikigeuzwa bado zinapuliza upande uleule, ila kidogo. Karatasi haitakuambia kitu. Tazama mshale kwenye nyumba yake.

Na pima volti kwenye mota yenyewe ikiwa inafanya kazi. Alteneta inatoa 27 na ushehe, mota inapokea 22, zilizobaki zimelala kwenye rilei iliyoungua au waya wa bodi wenye kutu. Feni inazunguka kwa uvivu, mwenye basi anaagiza mtungi.

Kioo cha kuchungulia kimiminika kikipita kwenye laini: mapovu si hati ya kuongezea gesi. Huonekana mara tu mfumo unapowashwa, huonekana draya ikiziba, na R407C, aina nyingine ya gesi, huweza kuonyesha mapovu hata ikiwa sawa. Kioo kisicho na mapovu nacho huweza kuwa cha mfumo mtupu. Rangi ya katikati ya kioo ndiyo naiheshimu zaidi: ikionyesha unyevu, badilisha draya na vuta vakyumu ya kweli, chini ya milibar 1, upime kwa geji ya vakyumu na si kwa kusikiliza pampu.

Madereva, mambo yenu machache. Kuweka nyuzi 16 hakuharakishi kupoza, kunaizuia tu AC isipumzike. Injini ikiwa sailensa stendi, kompresa inazunguka polepole, basi lililojaa halitapoa kama barabarani. Binadamu aliyekaa anatoa joto la kama wati 100. Hesabu viti vyako. Vifuniko vya paa vifungwe. Maji yanayodondoka kichwani mwa abiria si gesi, ni unyevu wa hewa uliokosa njia kwa sababu bomba la kutolea maji limeziba.

Nilisema gesi haiishi, na hapo kuna kona ambayo siwezi kuipita kimyakimya. Kompresa ya basi si ya friji. Shafti yake inatoka nje kwenda kwenye puli, na sili yake huishi kwa utando wa mafuta ambao kidogo kidogo unatoka nje. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana kompresa nyingi za aina hii zina mahali pa kukusanyia mafuta hayo. Hosi za mpira nazo hupitisha kidogo. Kwa hiyo mfumo mzima, usio na kosa la mtu, utapungua taratibu. Ni lini nihukumu sili kwamba imekufa? Matone yakinilowesha kidole kila nikipita, ninaibadilisha. Lakini kuna ile ya katikati, yenye unyevu leo na kavu kesho, na hapo kusema kweli nakisia kama wengine. Ninachokijua ni kwamba basi lililoegeshwa muda mrefu huvuja zaidi kwa sababu sili imekauka, kwa hiyo washa AC dakika chache kila baada ya muda, hata msimu wa baridi.

Kona ya pili ni R407C. Hiyo ni mchanganyiko wa gesi tatu, R32, R125 na R134a, zisizochemka kwa joto moja, na ikivuja haitoki kwa uwiano ule ule. Ndiyo maana hujazwa ikiwa kimiminika. Kitabu kinasema: ikivuja, toa yote, jaza upya kwa uzito. Mimi nikishaziba tundu na upungufu ni mdogo, naongeza. Ukiwa mkubwa, naitoa yote. Mpaka wa mdogo na mkubwa nauweka kwa uzoefu, na fundi mwingine mzuri anaweza kuuweka pengine, tukabishana na asiwepo wa kutuamua. Inayotolewa inaingia kwenye mtungi wa kurejesha, si angani: kilo 1 tu ya R134a hupasha dunia sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksaidi kwa miaka 100, na gesi za jamii hii ndizo zilizowekewa ratiba ya kupunguzwa katika makubaliano ya Kigali ya 2016.

Nikimaliza nabandika stika ndani ya mfuniko: aina ya gesi, kilo nilizotoa, kilo nilizorudisha, aina ya mafuta na tarehe. Tafadhali msiibandue mkiosha basi.