Meya wa 1887 na dhana ya 1920

Kuna ujumbe usiokauka kwenye magrupu: kwamba mwanamke wa Marekani hakupiga kura wala kushika madaraka kabla ya 1920, hivyo kibao kinachomtaja meya mwanamke wa zamani ni cha kughushi. Sivyo.

Argonia ni mji mdogo huko Kansas. Mapema 1887 jimbo hilo liliwapa wanawake kura ya uchaguzi wa miji, na Aprili mwaka huohuo mama mmoja wa miaka 27 akachaguliwa meya. Wanaume fulani waliweka jina lake kwenye karatasi ya kura kwa kumkejeli, bila yeye kujua. Wajumbe walipomfuata nyumbani asubuhi ya uchaguzi kumuuliza kama angekubali umeya, walimkuta anafua. Akakubali, akashinda kwa takriban theluthi mbili ya kura, akamaliza mwaka wake. Utah nako, 1896, mke alishinda useneti wa jimbo ilhali mumewe, mgombea wa chama pinzani, alishindwa.

Mkanganyiko unaeleweka, maana shuleni tunakaririshwa tarehe moja tu. Soma marekebisho yenyewe ya katiba ya Marekani, yale ya 1920: yanakataza kumnyima raia kura kwa sababu ya jinsia, nchi nzima. Majimbo kadhaa yalikuwa yametangulia. Wyoming ilianza 1869 ikiwa bado si jimbo kamili.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Linganisha kwanza mwaka ulio kwenye kibao na sheria ya jimbo husika.