Mashine ya kitaalamu ya kuchonga makombe, zawadi na glasi ni ipi hasa?

Msimu wa mahafali ukikaribia, au Mei Mosi maofisi yanapotafuta tuzo za wafanyakazi bora, swali linarudi lile lile, mashine gani nzuri ya kuchonga majina, na jibu la haraka huwa la wati, yaani nguvu ya leza, chukua ya 60, hapana chukua ya 100, eti kubwa ndo ya kitaalamu. Mi naona wati zije baadaye. Cha kuuliza mwanzo kabisa ni wateja wako wanakuletea kitu cha aina gani, kwa sababu mashine ya mamilioni inaweza kushindwa kuandika hata herufi moja kwenye glasi ya kawaida ya juisi, na siyo kwamba ni mbovu, ni mwanga wake tu haushikani na glasi.

Tuelewane kwanza kuchonga ni nini. Ni kuondoa sehemu ya kitu chenyewe, au kubadilisha uso wake, ili jina libaki pale hata ukisugua na stiliwaya. Hamna wino, hamna stika. Ndo maana mzee anayestaafu baada ya miaka 30 kazini anastahili ngao iliyochongwa, maana stika itaanza kubanduka pembeni na wino utapauka, ila kilichochongwa kimeshaingia. Kinachoondoa kinaweza kuwa ncha ya almasi, kisu kidogo kinachozunguka, mchanga unaopulizwa kwa presha ya hewa, au mwanga wa leza. Mashine ya kitaalamu ni ile inayofanya hivyo kwenye vitu vyako, kikombe cha kwanza na cha mia vikafanana, siku nzima bila kukuangusha.

Makombe tuyamalize haraka. Mengi unayoyaona Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya michezo, yale ya bonanza na ligi za mtaani, mwili wake ni plastiki yenye rangi ya dhahabu au bati jembamba, limekaa juu ya kitako cha mbao, plastiki au marumaru. Mwili huo hauchongwi, unachonga kibati kinachobandikwa kwenye kitako. Kwa kibati cha shaba au alumini, ncha ya almasi mpaka leo inafanya kazi safi sana, haizunguki, inakandamizwa na springi na kuburuzwa juu ya chuma, inaacha mstari mwembamba unaong'aa, haitoi moshi wala haili umeme mwingi. Inachelewa tu ukiwa na herufi nene za kujaza au vibati vingi vya shule nzima. Hapo leza inapita mbele.

Sasa leza, na hapa ndo watu wanapigwa. Leza siyo moja. Kila aina ina mwanga wa urefu wake wa wimbi, unaopimwa kwa nanomita, na kila kitu kina mwanga kinaoumeza na mwanga kinaouacha upite au kinaourudisha. Mwanga usiomezwa hauchongi, hata uwe na wati ngapi.

Leza ya CO2, yaani ya gesi ya kaboni dioksidi, mwanga wake una nanomita 10,600, hauonekani kwa macho. Mbao, MDF, ngozi, akriliki na glasi vinaumeza vizuri, chuma kitupu kinaurudisha. Kwa duka la zawadi hii ndo mashine mama, ngao za mbao, fremu, vibao vya majina, tuzo za akriliki, zote humo. Akriliki zipo za aina mbili na fundi anatakiwa azijue, ile ya kumwagwa kwenye kalibu ikichongwa inatoa weupe mzuri wa ukungu unaosomeka kwa mbali, ile ya kukamuliwa kwenye mashine inakatika vizuri ila maandishi yake yanabaki maangavu, hayaonekani vizuri, na mteja atadhani umemfanyia kazi nusu. Na alumini yenye rangi ya kiwandani, zile sahani za bluu, nyekundu au nyeusi, CO2 inaifubaza ile rangi na jina linatokea jeupe, kwa hiyo vibati vya namna hiyo hauhitaji mashine nyingine. Hata chupa za stili zilizopakwa rangi ya unga zinakubali, leza inatoa rangi na stili inajitokeza chini.

Glasi inataka maelezo zaidi. CO2 ikipiga glasi haichimbi kama kwenye mbao, mwanga unamezwa pale pale juu, uso unapata moto ghafla, unapasuka vipande vidogo visivyoonekana kimoja kimoja, na maelfu ya mipasuko hiyo kwa pamoja ndo tunayaona kama maandishi meupe ya ukungu. Moto ukizidi, mipasuko inaungana, glasi inabanduka magamba, ukipitisha kidole inakwaruza na pembeni pana chenga. Kwa hiyo fundi anapunguza nguvu, anapunguza wingi wa nukta, wengi wanashuka mpaka 300 kwa inchi, halafu anabandika tishu iliyoloweshwa maji au anapaka sabuni ya vyombo kidogo ili joto lisambae. Ukimaliza unaosha na kusugua taratibu chenga zitoke, maana hiyo ni glasi mtu atakunywea kwenye send-off. Kristali yenye madini ya risasi ndani yake ni kichwa ngumu, inapasuka bila mpangilio, kama una oda ya kristali za bei fanya jaribio kwenye moja ya akiba kwanza.

Leza ya faiba ina nanomita 1,064, na hii ni ya chuma. Stili, shaba, alumini, fedha, dhahabu, minyororo ya funguo, kalamu, saa, flaski tupu zisizo na rangi, hapo ni sekunde chache kazi imeisha. Ila mwanga wake unapita kwenye glasi kama jua linavyopita dirishani, hauachi kitu, na akriliki angavu hivyo hivyo. Mtu akinunua faiba akiwa na ndoto ya glasi za harusi atalia. Wati 20 au 30 zinatosha kuandika majina, 50 na kuendelea ni ukitaka kuchimba kwa kina au una oda nyingi.

Kuna ya UV, yaani mwanga wa urujuanimno, nanomita 355. Hii joto lake ni dogo mno, inafanya glasi, kristali na plastiki nyingi kwa mistari myembamba safi bila mipasuko mikubwa, hata ya wati 3 au 5 inatosha. Bei yake ndo inakimbiza watu. Lakini kama biashara yako kubwa ni glasi na tuzo za kristali kwa makampuni pale Posta na Masaki, mi ningejinyima nikaitafuta hii kuliko kuhangaika na tishu mbichi maisha yote. Zile picha zinazoelea katikati ya kristali ni habari nyingine, kwa kawaida zinatumia leza ya kijani inayokutanisha mwanga ndani kabisa ya kristali, ni mashine ya peke yake.

Na zile ndogo za mwanga wa bluu, za daiodi, ni rahisi na zinafaa kujifunzia mbao na ngozi, lakini glasi angavu hazishiki mpaka uipake kitu cheusi kwanza. Anayekuuzia kwa kusema inafanya kila kitu hakutendei haki.

Ukishajua mwanga, angalia umbo. Mashine ya meza, ambayo kichwa kinatembea juu ya reli, inachukua ubao mkubwa. Ile ya kichwa kimoja kilichosimama kwenye nguzo, ndani kuna vioo viwili vinavyocheza haraka sana, inakimbia mno ila eneo lake dogo, lenzi ya kawaida inakupa milimita 110 kwa 110, ukiweka lenzi ya eneo kubwa doti inanenepa na nguvu inapungua. Kwa glasi na chupa lazima kuwe na kizungushio, kifaa cha kuigeuza wakati inachongwa, na upime kimo, uone tuzo refu linaingia chini ya kichwa au haliingii.

Halafu kuna hali yetu ya Dar. CO2 nyingi zinazokuja kutoka China zina tyubu ya kioo, humo ndo mwanga unatengenezwa, inayopozwa na maji, na maji hayo yanatakiwa yapitie chila, yaani mashine ya kupoza maji, ndoo ya maji kwa joto la Februari haifiki mbali, tyubu inachoka mapema. Ila watu wanaweka chila nyuzi 17 au 18 wakidhani baridi zaidi ni bora, na kwa unyevu wa huku tyubu inatoa jasho, matone yanatua karibu na waya wa volteji kubwa, na hapo unaweza kuua tyubu pamoja na pawa saplai. Weka mashine kwenye chumba chenye AC ili hewa iwe kavu, na chila isishuke chini ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa unaanza kuwa matone, miezi ya joto bila AC hata nyuzi 22 tyubu inaweza kulowa. Tyubu za chuma zinazopozwa kwa hewa zinadumu zaidi na maandishi madogo yanatoka makali, bei ndo iko juu.

Umeme wetu ni volti 230, mashine ya 110 kutoka Marekani usiipokee bila kujua utaifanyaje. Weka stabilaiza, na hakikisha mashine ina sensa ya maji inayozima leza chila ikisimama. Moshi utoke nje kwa feni na bomba, duka la frem moja bila bomba wateja hawatakaa. PVC usiichome kabisa, inatoa gesi yenye klorini inayoharibu mapafu yako na kula reli za mashine. Miwani ya usalama lazima iendane na urefu wa wimbi wa leza yako, ya CO2 haikulindi na faiba.

Siku ya kwenda kununua beba vitu vyako mwenyewe kwenye mfuko, glasi unayouza, kibati, kipande cha akriliki, chupa ya stili, umwambie muuzaji aandike jina lenye herufi ndogo mbele yako kwenye kila kimoja. Osha glasi, pitisha kucha, angalia kama mduara wa herufi o umefunga sawasawa. Muulize pia tyubu na lenzi ya akiba zinapatikana hapa mjini au zinasubiri meli.