Enduro ya Atari 2600: usiku ndo gemu yenyewe

Watu wengi nikiwawekea Enduro, gemu ya mbio za magari ya Atari 2600, ile konsoli ya zamani, wanaicheza kidogo halafu wanasema mbona gari ni zilezile na barabara haiishi, mi nawaambia subirini giza liingie kwanza.

Ilitoka 1983, kampuni ni Activision, aliyeiandika ni Larry Miller. Hakuna mstari wa kumaliza humu. Siku ya kwanza unatakiwa upite gari 200, kuanzia siku ya pili ni 300 kila siku, na ukipitwa hesabu inakurudia. Kitufe ndo mafuta, joistiki ukiivuta nyuma ndo breki, basi.

Mi naandika programu za konsoli hizi za zamani kwa hiyo kila nikicheza naiona na mashine iliyoko chini yake, na ndo maana naiheshimu sana hii gemu. Atari 2600 ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya baiti 128, narudia, baiti, sio kilobaiti, na haina mahali popote pa kuhifadhi picha, yaani programu inabidi ichore kila mstari wa runinga wakati uleule mwale unaochora picha ya runinga unapopita na ukichelewa kidogo tu picha inaharibika. Chipu ya picha inakupa vitu vitano tu vya kusogeza: viwili vyenye upana wa pikseli nane na vitatu ambavyo ni vijistari vitupu. Sasa ile barabara inayokunja, milima kule mbali, gari inayokua kadiri unavyoisogelea, theluji, machweo, vyote vimebanwa kwenye katriji, kile kikasha cha gemu unachochomeka, ya kilobaiti 4!

Halafu usiku unaingia. Bodi za gari zinapotea, zinabaki taa mbili za nyuma. Kwa mwandishi wa programu hapo picha imepungua, haijaongezeka, lakini kwa anayecheza kila kitu kimebadilika maana mchana ulikuwa unapima umbali kwa ukubwa wa gari na sasa huna gari la kulipima. Angalia nafasi iliyopo kati ya zile taa: zikiwa zimebanana iko mbali, zikianza kuachana ushaifikia, hama upande sasa hivi usisubiri.

Theluji ni rahisi zaidi, usukani unakuwa mzito tu, anza kukata mapema.

Ukungu ndo unaomaliza watu. Unafunika barabara ya juu yote kwa hiyo gari inakutokea ikiwa karibu tayari, na ukiigonga mwendo unaanguka karibu na sifuri na zile ulizozipita kwa jasho zinakupita moja baada ya nyingine. Kwa hiyo mi gari zangu nyingi nazipita asubuhi, kabla ya theluji, kwa mwendo wote, ili ukungu ukija niwe nadaiwa chache na niweze kugusa breki bila wasiwasi. Bendera zikishatokea siku hiyo umeshavuka, kilichobaki ni kuongeza umbali mpaka kunakucha.